Kamera inaonekana kwenye simu, Alexa anaikataa: waya umekatikia wapi?

Malalamiko yanakuja yamefanana. Kamera iko hewani, kwenye simu geti linaonekana vizuri hadi paka akipita unamuona, ila ukimwambia Alexa, yule msaidizi wa sauti wa Amazon anayekaa kwenye spika, akuonyeshe anasema hamjui huyo, au skrini inazunguka weee mpaka inajifunga yenyewe. Na karibu kila mtu anaanza na kitu kilekile, anapanda ngazi, anatafuta kitundu cha reset, anaikandamiza kamera na pini mpaka ipige mlio. Shuka kwanza. Kama picha unaiona kwenye simu basi kamera ni nzima, na mara nyingi tatizo haliko hata ndani ya nyumba yako.

Spika na kamera haziongei, hapo ndo pa kuanzia. Zinaweza kuwa chumba kimoja, waifai moja, soketi moja, bado haziongei. Ukisema "Alexa, show the gate", sauti inapanda mpaka kwenye seva za Amazon, kule inageuzwa maandishi, alafu Amazon wanaangalia kwenye akaunti yako hiyo "gate" ni kifaa cha kampuni gani, wanaenda kupiga hodi kwenye seva za hiyo kampuni, iwe ni EZVIZ, Tapo, Imou au Tuya, hao ndo wanaiamsha kamera, na picha inaanza kurudi. Wakati mwingine picha yenyewe inapata njia ya mkato, ila ruhusa lazima itoke huko juu. Kwahiyo mita tatu za sebuleni kwako zimekuwa safari ya kutoka nje ya nchi na kurudi, na kila kituo njiani kina uwezo wa kukukwamisha bila kukwambia ni chenyewe.

Kama unadhani natia chumvi kuna kisa cha Januari 2020, jamaa mmoja Uholanzi aliomba kuona kamera yake ya Xiaomi kwenye skrini ya Google Nest Hub, badala ya nyumba yake zikaja picha za nyumba za watu asiowajua, mtoto kwenye kitanda chake, mtu amesinzia kwenye kiti. Google wakazima muunganisho wote wa Xiaomi mpaka kwanza ieleweke, na Xiaomi wakasema ni sasisho walilofanya kwenye kashe, ile hifadhi ya muda ya data, ndo lilileta balaa. Sasa ona, kamera ya yule jamaa haikuwa na shida, skrini yake haikuwa na shida, ruta yake pia. Kilichochanganyika kilikuwa huko kwenye seva. Angebonyeza reset mpaka kesho.

Basi badala ya kubonyeza, sikiliza spika inasema nini hasa, maana majibu yake siyo mamoja japo yote yanakera. Kuna jibu la kwamba haijapata kifaa chenye jina hilo. Kuna jibu la kwamba kifaa kipo ila hakijibu. Na kuna la tatu ambalo siyo jibu, inakubali kabisa, inasema sawa, alafu unabaki na skrini nyeusi. Haya matatu ni magonjwa tofauti na kila moja lina sehemu yake, na mi nashauri usiguse kitu mpaka ujue unaumwa lipi.

Tuanze na la kifaa hakipo, ndo linalosumbua wengi. Hapa unashughulika na akaunti, kamera yenyewe wala haijafikiwa bado. Unapounganisha apu ya kamera na Alexa, kule kwenye Skills & Games (skill ni kiunganishi cha kampuni fulani ndani ya Alexa), unaombwa uingie kwa imeili na paswedi ya apu ya kamera, alafu kampuni ya kamera inawapa Amazon kitu mafundi wanaita tokeni. Ni kama ile barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa unayopeleka benki: haina paswedi yako ndani, inasema tu huyu tunamfahamu, mhudumieni, na ina muda wake. Ukibadili paswedi kwenye apu ya kamera mara nyingi barua inakufa palepale, na kibaya ni kwamba hakuna anayekutumia ujumbe, kwenye simu uliingia upya na paswedi mpya kwahiyo kila kitu kinaonekana shwari, kumbe Amazon bado wameshika barua iliyofutwa. Dawa yake ni kuzima ile skill kabisa, kuiwasha tena, kuingia upya, alafu kuiambia "Alexa, discover devices". Kwa Google unatoa muunganisho na kuurudisha kwenye Google Home, au jaribu kwanza "Hey Google, sync my devices", saa nyingine hiyo tu inatosha.

Sasa kuna hii ambayo hata vitabu vya maelekezo havina maana walioviandika hawaishi huku. Kamera nyingi zetu zimefungwa na fundi. Fundi amekuja, ametoboa, amevuta waya, alafu wakati wa kusajili kifaa anatumia imeili yake mwenyewe kwa sababu we ulikuwa kazini au bibi aliyekuwepo nyumbani hana imeili, baadaye anakutumia mwaliko wa kushea, we unafungua unaona kamera zako nne zote, unamlipa, mnaagana. Kwa macho yako kamera ni zako. Kwa seva za kampuni kamera ni za fundi na wewe ni mgeni aliyeruhusiwa kuchungulia, na kifaa cha kushewa mara nyingi hakipelekwi kwa Alexa wala Google. Utaunganisha skill, itakubali, itatafuta vifaa, itasema hamna. Utarudia wiki nzima.

Kujua ni rahisi, fungua kamera kwenye apu uone kama kuna alama ya kushewa au kama kuna mipangilio ambayo we huwezi kuigusa. Na hapa reset haikusaidii, kamera za EZVIZ na mitambo ya Hikvision ukiireset bado inabaki imefungwa kwenye akaunti ya kwanza mpaka mwenye hiyo akaunti aifute huko kwake. Kwahiyo ni kumpigia fundi, "samahani fundi wangu, naomba uzitoe kamera za kwangu kwenye akaunti yako nizisajili upya". Wengi ni waungwana wanatoa siku hiyohiyo. Akiwa hapatikani itabidi uwaandikie huduma kwa wateja wa kampuni ukiwa na namba ya kifaa na risiti ya manunuzi. Na tukiacha Alexa pembeni, mtu ambaye mlimalizana naye mwaka juzi bado anaweza kukaa kwake jioni akaangalia nani anaingia getini kwako, hilo peke yake linatosha kukufanya upige hiyo simu leo.

Upande wa pili nako kuna akaunti zake. Spika nyingi za Echo (za Amazon, zenye Alexa) zilizopo huku zimeletwa, kuna za Dubai na kuna zilizotumwa na shemeji aliye Marekani, na shemeji kwa wema wake ameshaiwasha kwa akaunti yake ili ikifika itumike tu. Inatumika kweli, inapiga muziki, inataja saa, ila we umeunganisha kamera kwenye akaunti yako ya Amazon uliyofungua kwenye simu, na spika inasikiliza akaunti ya shemeji. Hapo hata ukisema kwa adabu zote kamera haitapatikana. Fungua apu ya Alexa, nenda Devices, kama ile spika haipo kwenye orodha basi jibu umelipata. Google ni vilevile, mtu ana imeili mbili kwenye simu, ya kazi na ya nyumbani, Nest Hub iko kwenye moja na kamera kaziunganisha kwenye nyingine.

Alafu nchi. Akaunti ya Amazon ina nchi yake, na skill za Alexa hazipatikani nchi zote, unakuta skill ya kamera yako ipo kwa wenye akaunti ya Marekani au Uingereza ila kwako hata ukitafuta haitokei. Apu za kamera nazo zina hiyo, Smart Life na Tuya zinakuuliza nchi siku ya kusajili na ukishachagua haibadiliki, ukitaka nyingine unafungua akaunti mpya na kuanza kuongeza vifaa upya. Ukisajili huku VPN imewashwa unaweza kujikuta umejipeleka sehemu usiyoijua, kwahiyo zima VPN wakati wa kusajili, iwashe baadaye ukitaka.

Na jina. Alexa hajui Kiswahili, anafahamu Kiingereza na lugha zingine kadhaa, tangu mwisho wa 2021 anaongea hadi Kiarabu cha Ghuba kwa watu wa Saudia na Emirati, ila sisi bado. Sasa umeiita kamera "Kamera ya Uani", masikini atajitahidi kutafuta neno la Kiingereza linalofanana na "uani" na atakuletea maajabu. Mpe jina fupi la Kiingereza, "gate", "backyard", "garage", na usiiite "camera" peke yake, na hakikisha hakuna taa au kikundi kingine chenye jina hilohilo maana hapo atachagua anachotaka yeye. Kama utaratibu wako wa nyumbani ni majina ya Kiswahili yaache kwenye apu ya kamera, badilisha tu kule ndani ya apu ya Alexa.

Haya, ugonjwa wa pili, kifaa kipo ila hakijibu. Akaunti ziko sawa, Amazon wamefika mpaka kwa kampuni ya kamera, kampuni imeita kamera, kamera kimya. Kuna jaribio moja hapa mi nalipenda kuliko yote na ni la bure: zima waifai kwenye simu yako, baki na data, alafu fungua apu ya kamera. Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani apu nyingi huwa zinavuta picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera bila kutoka nje, ndo maana unaiona safi hata kama intaneti ya nyumbani imekufa au ina kwikwi. Alexa hana upendeleo huo. Kama kwa data picha haiji, acha kumlaumu Alexa, kamera yako haifiki intaneti.

Sababu zake mara nyingi zinaanzia kwenye umeme. Umeme umekatika, umerudi, kamera inawaka haraka kuliko ruta, inatafuta waifai haipati, nyingine zinaendelea kujaribu na nyingine zinazubaa hapohapo. Chomoa kamera, subiri taa ya intaneti kwenye ruta itulie, chomeka tena. Kama mtaani kwenu umeme ni wa kukatika katika, tafuta ile UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, siyo hela nyingi.

Lakini kuna athari nyingine ya umeme ambayo imejificha zaidi, saa. Kamera na DVR (mashine za kurekodia picha za kamera) nyingi za bei ya chini umeme ukikata zinapoteza muda, zikiwaka zinaanzia tarehe ya ajabu, mara nyingi 01/01/1970 maana ndo siku ambayo mifumo mingi ya kompyuta inahesabu kama sifuri. Mawasiliano na seva yanalindwa na vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kamera inayoamini tuko 1970 ikipewa cheti cha miaka hii inakiona hakijaanza kutumika, na inaweza kukataa kuunganishwa. Huoni ujumbe wowote, unaona offline tu. Angalia yale maandishi ya tarehe kwenye kona ya picha. Kama yako nje, weka ukanda wa saa UTC+3, ruhusu ichukue muda kutoka kwenye intaneti, na kama ni DVR inayosahau kila umeme ukikatika, ndani kuna betri ya duara kama ya saa, imeisha, ibadilishwe.

Umebadilisha mtandao? Ruta mpya zinatoa waifai ya 2.4 GHz na 5 GHz kwa jina moja, kamera nyingi za nyumbani zinajua 2.4 tu na wakati wa kuunganisha zinachanganyikiwa. Zitenganishe kwa muda, unganisha kamera, ukitaka zirudishe. Kama ulinzi wa waifai kwenye ruta umewekwa WPA3 pekee, ushushe kwenye WPA2 au mchanganyiko. Na kama una kamera sita juu ya mabati, usizipandie zote, ipe ruta mpya jina na paswedi zilezile za ruta ya zamani, herufi kwa herufi, mara nyingi kamera zitarudi zenyewe bila kujua kitu kimebadilika.

Hapa pia niseme, ukienda kuuliza utaambiwa "fungua port kwenye ruta", yaani mlango wa kuingilia kutoka nje. Huo ni ushauri wa zama za DVR za kizamani. Kamera za leo zenyewe ndo zinatoka kwenda kwenye seva, hazisubiri mtu aingie, kwahiyo haijalishi hata kama uko kwenye ruta ya laini ya simu ambapo anwani moja ya nje (IP) mnatumia mamia ya watu na huko port haifunguki hata ufanyeje. Kufungua port kwa kamera yenye paswedi dhaifu ni kuwakaribisha wasiokuhusu, achana nayo.

La tatu, skrini nyeusi. Kwanza hakikisha una skrini, nasema kweli, watu wanamwambia Echo Dot awaonyeshe geti. Dot ni spika tu, itakutangazia mtu amebonyeza kengele ila picha ataiweka wapi. Unahitaji Echo Show au Fire TV, kwa Google ni Nest Hub au TV yenye Chromecast.

Kama skrini ipo na bado nyeusi, mshukiwa wangu wa kwanza kwa wenye EZVIZ ni usimbaji wa picha, yaani picha kufungwa kwa siri, ule unaofunguliwa kwa ile code ya herufi sita iliyobandikwa chini ya kamera. Simu yako inaijua hiyo code kwahiyo inafungua, Alexa haijui, anapokea picha iliyofungwa na hawezi kuisoma. Lazima uuzime ndo ataona. Ni biashara ya kubadilishana, unapata urahisi wa kuita kwa sauti unapoteza kufuli moja, na jibu siyo lazima liwe moja kwa kila kamera: ya getini mi ningezima bila kufikiria sana, ya ndani ningeacha imefungwa na wala nisingeiunganisha na Alexa, maana kumbuka mtu yeyote aliyeko sebuleni, mgeni au mtoto, anaweza kuiita kwa jina na ikaja. Huwezi kuchagua? Unaweza, kwenye apu ya Alexa unaiondoa ile kamera moja tu, zingine zinabaki.

Mshukiwa wa pili ni H.265, namna mpya ya kubana video ambayo inaokoa nafasi kwenye diski ya kuhifadhia; DVR na kamera nyingi siku hizi zinatoka kiwandani zikiwa hapo. Orodha ya Amazon ya video ambazo Alexa anapokea ina H.264 na za zamani zaidi, H.265 haimo. Nenda kwenye mipangilio ya video ugeuze iwe H.264, kwa DVR fanya hivo kwa kila chaneli, na ujue rekodi zitaanza kula nafasi zaidi kuliko mwanzo.

Baada ya hapo ni mambo madogo madogo. Kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha, picha ya 1080p inataka kama Mbps 2 hivi kwenda juu na ruta za 4G huwa bahili sana upande huo. Watazamaji, kamera za bei nafuu zinahudumia wachache kwa mpigo, kama mama ameacha apu wazi kwenye tableti na wewe unaangalia kwenye simu, Alexa anaweza kukosa nafasi. Kamera ya betri huwa imelala, inachukua sekunde kadhaa kuamka na spika haina subira, ita mara ya pili. Na ile hali ya faragha inayofumba lenzi, angalia kama hamna mtu ameiwasha.

Vyote hivyo vikiwa sawa na bado, kuna uwezekano kwamba muunganisho wenyewe haupo tena duniani. Google walifunga mlango wa Works with Nest, njia ya vifaa vya kampuni nyingine kuungana na vifaa vyao vya Nest, kwa vifaa vipya mwishoni mwa Agosti 2019, na Aprili 2024 wakazima kabisa kamera za Dropcam, nzima nzima, ukutani kwa watu. Kampuni ikiamua imeamua. Kiwango cha pamoja cha Matter, kilichotoka Oktoba 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane, kiliwaacha wenye kamera wakisubiri mpaka toleo la 1.5 mwishoni mwa 2025, kwahiyo kamera nyingi zilizopo madukani kwa sasa bado zinategemea hii njia ndefu ya seva kwa seva.

Kwa anayeenda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi, usiishie kusoma "Works with Alexa" kwenye boksi, boksi linachapishwa na yeyote. Muulize muuzaji inatumia apu gani. Alafu palepale kaunta fungua apu ya Alexa kwenye simu yako, kwa akaunti yako, tafuta jina la hiyo apu kwenye Skills. Ikitokea, soma maoni ya karibuni ya watumiaji uone kama bado inafanya kazi. Isipotokea mrudishie boksi lake, na ukinunua mwambie fundi mapema kabisa kwamba imeili itakayotumika ni yako.